Nyoka Aliyekataa Dagaa

Kwenye bajaji ya kwenda Ujiji, kijana mmoja alikuwa amepakata ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. "Shikamoo mama. Usiogope, ni nyoka mdogo, hana sumu." Jirani yangu Mama Melania aliitikia marahaba akiwa tayari amenikalia mapajani.

"Nimemtengenezea sanduku zuri, lina taa ya joto na bakuli la maji," kijana alisema kwa unyonge, "lakini hali. Wiki nzima nampa dagaa."

"Dagaa wetu hawa anawakataa?" Mama aliumia kana kwamba ziwa zima limetukanwa. Kisha akalainika. "Huyo anakula panya, mwanangu."

"Panya? Nimewamaliza kwa sumu kabla hajahamia, asije akakuta nyumba chafu."

Dereva alicheka. Mama hakucheka. Bajaji iliposimama kituo cha Rusimbi, Mama alishuka, akaichungulia ndoo kwa mbali. "Stoo kwangu panya wamejaa, na sumu sijawahi kuweka. Njoo jioni utege. Ila huyo mwache kwako."

"Nimwache na nani, mama? Bado mgeni."

Dereva akazima injini. Sote tulitaka kusikia jibu.