Mama Vidahizo, Mwalimu na Neno "Rapport"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwahoji watu kuhusu maneno yao wenyewe, Mama Vidahizo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo tulimbandika sisi wa chumba cha kamusi, kwa kuwa kidahizo, yaani neno linalofasiliwa, ndicho anachokiamkia asubuhi kabla hajatuamkia sisi.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kusahihisha alichopewa anakili tu. Mhariri wa wakati ule alimfokea wiki nzima, kisha akamwombea kiti cha uhariri. Tangu hapo kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili imetoka mara tatu mikononi mwake, na toleo la nne bado liko mezani.

Utaratibu wake tunaujua sote: fasili haipiti mpaka asomewe mtu asiye mwajiriwa wetu, naye asikunje uso. Aliwahi kumsomea daktari wa meno, yeye Mama akiwa amelala kwenye kiti cha wagonjwa, taya limekwisha kufa ganzi. Daktari hakuambulia hata neno moja, na Mama akairudisha fasili mezani kana kwamba kosa lilikuwa la fasili.

Aliyapenda zaidi maneno ya Kifaransa yaliyohamia kwenye Kiingereza. Aliyaita wageni waliokaa mpaka wakapewa funguo za nyumba. Lililomtoa jasho ni "rapport". Herufi yake ya mwisho huandikwa lakini haitamkwi. Ipo kazini kutia sahihi tu, alisema. Kwa Kifaransa neno hili lina shughuli nyingi: ni taarifa, ni uwiano, ni uhusiano wa kila namna. Waingereza wameliachia kazi moja hasa, ile hali ya kupatana inayofanya mazungumzo yatiririke. Husemwa zaidi kuhusu daktari na mgonjwa wake, au mwalimu na darasa lake, na husemwa kwamba hujengwa.

Shida ni kwamba Mama na naibu wake, tunayemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kabla ya kuja kwetu, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwalimu aliandika "uhusiano mzuri". Mama akaandika "hali ya nafsi kuridhiana". Kila mmoja alifuta ya mwenzake. Mkuu wetu alipochoka akatoa kauli: wakishindwa kufanya kazi pamoja, Mama akiondoka kamusi itapewa kampuni ya nje. Mama alinyong'onyea. Kazi ya maisha yake ilikuwa inakwenda kwa watu asiowajua.

Wakavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani, kila mtu na fasili yake. Fundi aliisikiliza ya Mwalimu, akasema, "Hata mimi na mwenye nyumba wangu tuna uhusiano mzuri, lakini nikimwona nabadilisha njia." Mwalimu akanuna. Ikaja ya Mama. "Hiyo ni ya maombi au ya harusi?" akauliza, akaendelea kupiga pasi.

Walirudi wamevimba. Mimi msahihishaji, ninayekaa karibu na mlango, niliwasikia kwenye ngazi wakimteta fundi: maneno mengi, kazi haionekani, na suruali ya Mwalimu haijaisha tangu mwezi uliopita. Waliteta wakacheka, wakapokezana maneno, na walipofika juu walikuwa wanatunga fasili bila kujua wameanza: "maelewano kati ya watu yanayowafanya wazungumze bila kujibana." Kesho yake fundi akasomewa. Hakukunja uso. Alisema tu kwamba suruali ni wiki ijayo.

Juzi Mwalimu alibadilisha fasili nyingine, ambayo Mama aliiandika mwenyewe enzi za ujana wake hapa. Sote tuliinamisha vichwa tukingoja dhoruba. Mama aliisoma, akaisoma tena, akasema, "Hii imeizidi yangu." Halafu akaenda kwa mkuu, akamwambia kamusi haitoki chumba hiki kwa sababu ina mwenyewe. Mkuu akakubali. Nilifurahi hata nikashindwa kuendelea kusahihisha.

Asante, Mama, kwa ukali wako na utani wako. Kapumzike, uwadekeze wajukuu, ulale mpaka jua lichoke kukungoja. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Mwalimu ametuomba sote tusikusumbue kwa simu, kisha yeye mwenyewe akaibandika namba yako ukutani, juu ya meza yake.