Kioo Hakiugui: Risala ya Wapiga Picha za Sukari

Mgeni rasmi, karibu chumbani kwetu. Tumekuvua viatu mlangoni si kwa dharau. Vumbi ni adui yetu wa pili. Wa kwanza tutamtaja.

KAZI YETU
Sukari zetu si za chai. Ni sukari changamano, zilizoshikana minyororo juu ya kila seli ya mwili. Seli ikianza kuharibika, nazo hubadilika. Mwenzetu Bi Taratibu hukipulizia kinyama cha mgonjwa, kilichokatwa chembamba na kulazwa juu ya kioo, dawa ya kuzibandua. Kisha mashine huzipima uzito nukta kwa nukta na kutuchorea ramani: hapa pazima, hapa pagonjwa.

MAFANIKIO
Mwaka jana tulipokea kinyama cha mama mmoja, mpishi wa shule. Ramani ikaonyesha ugonjwa kila mahali. Daktari akasema titi lote litolewe. Sote tuliinamisha vichwa, isipokuwa Bi Taratibu.

"Jamani, ugonjwa umevuka nyama, uko kwenye kioo. Tangu lini kioo kikaugua?"

Kweli, sukari zilikuwa zimelowa mvuke zikatambaa. Tulirudia na kipande kingine siku ambayo chumba jirani cha kufulia hakikufua kitu. Ugonjwa ukawa doa moja pembeni, na ni doa tu lililotolewa. Mama huyo ameketi nyuma yako, mwenye kilemba cha kijani. Tulimpa kiti cha mbele, akakataa. Anasema atakusalimia ukishajibu.

CHANGAMOTO
Adui wa kwanza ndiye huyo mvuke. Ukuta kati yetu na chumba cha kufulia mashuka una ufa. Tumeuziba kwa gundi, matambara na dua. Siku hizi akina mama wa huko hugonga ukuta kabla ya kufunua mapipa ya maji moto, nasi hufunika vioo mbio. Wao hucheka, sisi hutoka jasho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba, na bado tumefika kwenye ukuta.

MAOMBI
Tunasikia mashine itahamishiwa makao makuu kwa sababu ya unyevu. Hatubishani na wakubwa. Ila huko ni mbali, na wagonjwa wetu wengi hawatafika. Tuseme ukweli, tunaogopa. Tuachie mashine, utupe ukuta. Mafundi tunao, akina mama wameahidi kusomba maji ya saruji.

Leo wamekubali kutofunua pipa hata moja mpaka utujibu. Mashuka ya wodi zote yanakungoja, Mgeni rasmi.

Mungu akupe neno jema, akurudishe kwako salama.

Ni sisi, Wapiga Picha za Sukari, pamoja na majirani zetu wa ukutani.