Uyoga Niliouchungulia Mpaka Ukaharibika

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchungulia. Ndugu zangu, mama zangu, mnisamehe nikisoma kwenye karatasi. Haya maneno nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi, na bado naona yana kasoro.

Hapa kijijini Misiera wengi mnanijua kwa uyoga, lakini hamjui ulivyoanza. Nilijifundisha kwenye simu. Unachemsha mabaki ya shamba, unayachuja yapoe, unayapakia kwenye mifuko pamoja na mbegu za uyoga, unafunga, unaweka gizani mpaka utando wa uyoga uufanye mfuko mweupe wote. Mabaki niliyapata jikoni kwetu. Mama alikuwa ameweka magunzi ya mahindi ya kupikia wakati wa mvua. Nilipomwomba, aliniangalia kwanza.

"Chukua. Lakini ujue ni moto yetu unabeba."

Nikaogopa. Nikataka kila mfuko uwe kama ule wa kwenye picha. Kila nikipita nafungua mmoja, naingiza kidole, nanusa, nafunga. Mama akaniona kama askari wa gereza, akacheka: "We mutoto, ni uyoga unalima ao ni bafungwa unachunga?"

Basi ukungu wa kijani ukaingia, tena uliingia na kidole changu. Karibu mifuko yote niliitupa. Mvua ilikuwa inanyesha, na mama akaenda kuomba kuni kwa jirani yetu, mama mmoja Mrundi. Zilikuwa mbichi, jiko likatoa moshi tu. Hakunigombeza. Nawaambia, afadhali angenigombeza. Nikaanza kukwepa hata kula nyumbani.

Jirani yule yule ndiye aliyekuja na gunia la majani makavu ya maharage, yale yanayobaki baada ya kupura. "Sisi haya tunachoma tu," akasema. "Jaribu tena, mwanangu."

Mbegu kidogo zilikuwa zimebaki. Nikapakia upya. Nilipofunga mfuko wa mwisho, mama alitia kufuli kwenye mlango wa chumba cha mifuko, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Mama, na kama kuna mfuko unaharibika?"

"Utaharibika bila weye."

Mnacheka, lakini mimi nilikuwa naumwa kabisa. Nilikaa nje ya mlango nikisikiliza, kana kwamba uyoga unaongea. Mama akanipa jembe. Nikalima naye, siku baada ya siku, mpaka jioni moja nikashtuka: tangu asubuhi sikuwa nimeukumbuka ule mlango. Usingizi wa siku hiyo sijausahau.

Siku mama alipofungua, alisema tu, "Kuja uone." Mifuko ilikuwa myeupe.

Mavuno ya kwanza niliyapeleka Mbarara, kwa mpishi wa hoteli moja. Uyoga uliopinda niliuficha chini kabisa ndani ya beseni. Akauona.

"Hii unaficha kwa nini?"

"Si mzuri, mzee."

"Mimi nakata yote. Nani ataona? Leta!"

Namshukuru Mungu. Asante mama, wewe uliyejificha pale nyuma. Asante jirani, na ninyi mliokula uyoga wangu uliopinda bila kusema kitu. Kwa kijana mwenye wasiwasi kama wangu nasema hivi: fanya kazi yako vizuri, halafu toka, uiache iendelee.

Leo napakia majani ya maharage, na magunzi yanabaki jikoni kwa mama. Ufunguo ninao mimi. Mlango umefungwa.