Meneja wa Foleni ya Asubuhi

Mtoto wetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 2018, katika chumba cha pili kutoka getini, kwenye nyumba ile ile ya wapangaji tulikomtoa leo. Alikuwa kifungua mimba wa fundi vigae na mama anayefua nguo za watu. Alitoka mkunga akiwa bado njiani, na baba yake husema binti huyo hakuwahi kumsubiri mtu. Jina la Meneja alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa sababu ya kitambi. Alitembea ametanguliza tumbo, mikono nyuma, nasi tukacheka, "Huyu anakula vizuri!" Miguu ilikuwa myembamba na nywele zimepauka, lakini sote tuliliangalia tumbo. Kumbe tulikuwa tunachekelea ugonjwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 2025. Alipenda hesabu, na alipenda zaidi kuwasimamia wenzake bila kuombwa. Mwalimu wake yupo hapa, ni shahidi.

Kazi aliianza kabla ya shule. Nyumba yetu ina vyumba kumi na kimoja na choo kimoja, mlango wake gunia. Kila asubuhi Meneja alisimama pale akipanga foleni. "Babu wa chumba cha tisa, jana ulikaa humo mpaka tukadhani umehamia! Leo nenda nyuma." Na babu alikwenda nyuma. Mvua zikinyesha shimo lilifurika mpaka uani, na watoto walicheza humo humo peku, maana ua ni huo mmoja. Sabuni ilikuwepo, ila ya nguo za watu. Mwenye nyumba akiambiwa, jibu lake lilikuwa, "Vumilieni kidogo." Haya, tumevumilia. Na baba yake, masikini, mchana kutwa alikuwa akibandika vigae kwenye vyoo vya wenzake, kisha akirudi kwetu anapangwa foleni na bintiye.

Kuhusu ndoa, Meneja alishatangaza msimamo. Mume wake lazima awe na choo ndani ya nyumba, chenye mlango na komeo. Baba yake alimwambia, "Mwanangu, utakosa mchumba." Akajibu, "Basi nijengee wewe." Walicheka sana siku hiyo, na baba akaahidi.

Mwanzoni mwa Juni tumbo lilimkaza, akaanza kutapika. Alitapika minyoo. Hospitalini daktari alisema imejisokota ikaziba utumbo, akapasuliwa, lakini tulikuwa tumechelewa. Akiwa pale kitandani, baba yake alimuuliza, "Si mlipewa dawa ya minyoo shuleni?" Akasema, "Nilijifanya natafuna. Nikampelekea mdogo wangu, naye tumbo linamuuma. Langu kubwa, baba, litavumilia." Jamani, mtoto wa miaka saba! Alifariki Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, saa nne asubuhi, ameshikwa mkono na baba yake.

Leo, kaburi lilipokuwa likichimbwa, watu walimwambia fundi akae kivulini. Alichukua jembe. "Niacheni," alisema, "kuchimba nilijua siku zote. Alichoniomba ni kingine." Akachimba mpaka mwisho, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Amenituma, mimi dada yake, niwaombe jambo moja. Wenye majembe msiondoke nayo. Kesho saa moja asubuhi yanahitajika uani kwetu, mwenye nyumba apende asipende. Choo kitakuwa na mlango na komeo, na vigae fundi ataviweka kwa mkono wake.

Meneja ameacha baba, mama, bibi, shangazi huyu anayewasomea, na mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye tumbo lake sasa ni laini. Asubuhi hii tulimkuta mdogo huyo amesimama peke yake mbele ya lile gunia, akimsubiri dada yake aje ampange.

Pumzika kwa amani, Meneja wetu. Foleni tutaipanga wenyewe.