Mwimbaji Niliyemtangaza Hakuwepo

Kamwene, ndugu zangu. Kaeni tu, sitawachosha. Naona shemeji zangu wamejipanga safu ya mbele wamekunja mikono. Hawa walimwoza dada yao kwa Mnyakyusa mwenye maneno mengi, na leo wamekuja kuangalia kama maneno yamepungua. Hayajapungua, shemeji. Yamenyooka kidogo tu, na hilo ndilo Mchungaji aliloniomba niwaeleze. Ameniomba pia nisitaje jina la mtu. Basi sitataja, hata kama wengine mtaanza kugeuza shingo kutafuta nani anasemwa.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini mimi nilikuwa meneja wa bendi kule Mbeya. Ninyi vijana mnaoniona na hili shati la kitenge mnadhani nilizaliwa hivi, lakini nilikuwa navaa suti ya kaunda na miwani nyeusi hata mvua ikinyesha. Tulikuwa watu wanane. Mimi siwezi kupiga hata filimbi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta ukumbi, kuomba lori, kuwapeleka vijana Dar es Salaam kurekodi redioni, na kutangaza. Nilikuwa na spika moja ya honi na betri ya gari. Ninafika mji siku mbili kabla ya bendi, nazunguka na baiskeli, betri kwenye keria, honi kwenye usukani, nasema mpaka sauti inakwaruza. Niliwapenda wale vijana. Niseme ukweli, niliwapenda kuliko nilivyompenda mke wangu wakati ule, na yeye anajua, tumeshaongea.

Aliyekuwa anavuta watu ni mwimbaji wetu. Sauti nzuri wanazo wengi, lakini huyu alikuwa na kipaji kingine: alikumbuka watu. Mnajua desturi ya kutunza. Wimbo ukikolea, mtu anainuka, anakwenda mbele anamtunza mwimbaji kwa senti zake, na mwimbaji anamwingiza kwenye wimbo kwa jina lake. Yeye alikuwa anakumbuka majina ya watu aliokutana nao mara moja, mwaka uliopita, kwenye vumbi la Igawa. Alikuwa anamtaja mama muuza mchele, anataja mto anakolima na jina la mtoto wake wa kwanza. Watu walikuwa wanatembea maili nyingi kutoka bondeni Usangu ili wasikie majina yao yakiimbwa.

Basi bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ikamchukua. Alituaga vizuri, akalia, tukalia. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshamtangaza. Igawa nzima na Rujewa walijua anakuja Jumapili mchana. Ndugu zangu, hapo palikuwa na njia rahisi sana. Ningewasha spika nikasema, "Jamani, mwimbaji ameondoka, njooni mtusikie sisi tuliobaki." Labda wangekuja nusu. Lakini mimi niliona aibu ya nusu ya ukumbi.

Tulikuwa na fundi cherehani aliyetushonea sare. Mpole, hana makuu, akishona anaimba nyimbo zetu zote toka mwanzo mpaka mwisho. Urefu wake ulilingana na wa mwimbaji, na uso ulikaribiana. Nikamwambia avae kofia na miwani apande jukwaani. Alikataa mara mbili. Akaniambia, "Meneja, mimi naimba nikiwa na cherehani. Watu wakiniangalia nasahau." Nikamwambia hakuna atakayejua. Nilimbembeleza kwa sababu nilijua ananiheshimu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili ikafika, ukumbi ukajaa. Fundi akaanza kuimba, na nawaambia kweli, aliimba vizuri. Watu wakacheza. Mimi nimesimama mlangoni najipongeza. Wimbo wa tatu, mama mmoja muuza mchele wa Rujewa akainuka, amevaa khanga mpya, akaenda mbele akamtunza, akasimama palepale akisubiri. Fundi akaimba, "Asante mama." Yule mama hakuondoka. Fundi akarudia, "Asante, asante mama." Mama akasogea, akamtazama chini ya kofia. Halafu akageukia watu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu hanijui."

Hawakutupa mawe. Afadhali wangetupa. Walitoka mmoja mmoja, wakakaa nje wametupa mgongo, wakala machungwa yao, wakaanza safari ya kurudi. Fundi alivua kofia akaiweka juu ya ngoma, akaondoka kwa miguu.

Bendi haikumaliza mwezi. Mmoja alivuka Zambia, wengine wakarudi makwao kulima. Mimi nikabaki na baiskeli, betri na honi. Na ulanzi, hii pombe yenu ya mianzi. Msinicheke, nyie ndio mnaogema. Nilikuja huku ukweni kupumzika wiki moja, nikapumzika miezi mitano. Mke wangu hakunifukuza. Alinipikia, akaniosha nguo, ila aliacha kuniuliza kitu chochote. Alikuwa anamwuliza jirani kama mvua imenyesha na mimi ndiye niliyetoka kulowa.

Nikarudi Usangu nikitafuta kazi ya kutangaza, maana ndiyo pekee niliyoijua. Duka likapata vitenge vipya, nikatangaza, hakuna aliyekuja. Shule ikaitisha mkutano wa wazazi, nikazunguka siku nzima, wakaja wazazi wanne, na hao waliambiwa na padre. Nikipita watu wanacheka, "Mwimbaji yupo leo?" Mwenye duka akaniambia kwa upole, "Bwana, wewe ukisema kitu kipo, watu wanajua hakipo." Ndugu zangu, mtu mwingine akipoteza mguu anaweza kushona viatu. Mimi nilikuwa na mdomo tu, na mdomo wenyewe ulikuwa umekufa.

Siku moja niko Rujewa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nachajisha betri. Akaja yule mama muuza mchele, yule yule wa "huyu hanijui." Tangu Jumapili ile hakuwahi kunisalimia. Akanieleza haraka haraka. Ghalani kwake alikuwa na magunia mawili yanayofanana, moja la mpunga wa kula, moja la mbegu iliyopakwa dawa ya kuua wadudu. Juzi yake alilibeba la mbegu mwenyewe, akalipeleka mashineni likakobolewa, na asubuhi ile akaenda kuuza mchele ule Igawa. Aligundua aliporudi ghalani na kukuta gunia la kula bado limefungwa. Alikuwa amewapimia watu saba.

Akaniambia, "Baba, washa hicho chombo chako. Watu watapika jioni."

Tukadandia lori la mchele mimi, yeye na baiskeli. Saa tisa tupo Igawa. Nikawasha: "Ndugu wananchi, mchele ulionunuliwa hapa asubuhi una dawa, msipike." Wapi. Muuza chai mmoja akaniuliza hiyo dawa inaimba au inacheza. Watu wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Wakacheka zaidi.

Yule mama akanishika mkono. "Mbona unaficha? Sema mchele ni wa nani."

Nikamwambia, "Mama, nikikutaja biashara yako imekwisha."

"Nitaje. Sema nimekosea mimi, tena sema na jina la baba yangu."

Ndugu zangu, nilimtazama yule mama na nikajiona mdogo. Yeye alikuwa na kila kitu cha kupoteza, na anadai atajwe. Mimi sikuwa na kitu, na bado nilikuwa najificha nyuma ya honi. Nikavua miwani. Nikasema, na sikupaza sauti: "Mimi ndiye niliyewaambia mwimbaji anakuja, nikijua haji. Nilimvalisha fundi wa watu kofia ili niwadanganye. Nilifanya kusudi. Leo sina ninachowauzia. Mama huyu aliyesimama hapa amekosea magunia, na mchele wake wa leo unaua. Mnanijua mimi ni mwongo. Mwulizeni yeye." Nikamtaja kama alivyotaka, na jina la baba yake.

Yule muuza chai aliinama chini ya meza yake akatoa bakuli. Na yeye alikuwa amenunua.

Kabla ya saa moja kupita, mchele wa watu sita ulikuwa umerudi. Wa saba alikuwa mama mmoja wa familia ya wafugaji, wale waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakaja kukaa bondeni. Alishaondoka kwa mkokoteni tangu asubuhi. Wakanionyesha njia. Ile haikuwa njia, ni nyayo za ng'ombe zilizokauka. Nilipedali mpaka magoti yakawa si yangu. Jua linashuka, naona boma kwa mbali na moshi umeshasimama juu yake. Nikajua sitafika kwa wakati. Nikawasha honi na kuanza kusema huku napedali, kitu kile kile, tangu mwanzo: mimi ndiye mwongo wa Igawa, mwimbaji hakuwepo, mchele una dawa, mama, usiwape watoto.

Nilimwona akitoka. Alisimama, akasikiliza. Akarudi ndani, akatoka na sufuria imeshikwa kwa khanga, inatoa mvuke, na akamwaga wali wote chini, mbele ya watoto wake watano waliokuwa wameshanawa mikono. Halafu akaufukia kwa jembe ili kuku wasile.

Nilipofika nilianguka pamoja na baiskeli. Nikalia mbele ya wale watoto kama mjinga. Yule mama akanipa maziwa, maana ndiyo yaliyokuwa chakula chao jioni ile. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukungoja hata nikafika ukaniuliza?"

Akasema, "Mimi Jumapili ile nilikuwepo. Tulikuja na miguu, mtoto mgongoni. Nilikasirika sana, wewe. Sasa leo nasikia mtu anajisema mwenyewe hivyo porini huku, hakuna hata wa kumcheka. Nikasema huyu leo hana haja ya kudanganya."

Nililala pale bomani, na kesho yake muuza mchele alileta mchele mwingine, safi, tena akaongeza. Mama wa boma akaupika. Akapakua sahani moja akanipa mimi, akawazuia watoto. "Kula wewe kwanza." Ndugu zangu, niliamini hajanisamehe kabisa, na alikuwa na haki. Nikala. Watoto watano wamechuchumaa wananitazama kama nitaanguka au la. Nilipomaliza sahani nikiwa bado nakaa wima, ndipo akacheka, akawapakulia. Sijawahi kula wali mtamu kama ule, na hapa nasema mbele ya mama mkwe wangu, anisamehe.

Tangu hapo watu wakaanza kunitafuta. Muuza mchele hakufilisika. Walisema yule akikosea atakuja kutuambia, wakazidi kununua kwake, na yeye ndiye aliyenipa kazi ya kwanza. Nikajiwekea utaratibu ambao baadhi ya wenye maduka waliuona wazimu. Mtu akija nitangaze bidhaa yake, namwuliza kwanza ina kasoro gani, na kasoro naitangaza pia. "Mchele una chenga kidogo, lakini ni wa juzi." "Mablanketi yamefika, ni mazito, ila rangi ya bluu inachuja." Wengine walinifukuza. Waliobaki wanauza. Leo nina gari na honi mbili, natoka Mbeya mpaka hapa Iringa, natangaza maduka ya ushirika, mikutano, misiba na ng'ombe waliopotea.

Kwa fundi cherehani nilichelewa kwenda, kwa woga. Nilimkuta anashona, haimbi. Nilikaa kwenye kizingiti chake tangu asubuhi, nikamwomba msamaha mbele ya wateja wake. Alimaliza kupindia suruali yote ndipo akaongea. Akasema, "Ungenitangaza mimi, kwa jina langu, ningeimba." Sasa namtangaza. Zile nyimbo mnazosikia garini kwangu kabla sijaanza kusema ni yeye anaziimba, hana kofia, hana miwani, na bado anasahau maneno watu wakimtazama. Tunampenda hivyo hivyo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, ambaye siku hizi ananiuliza hali ya hewa. Nawashukuru shemeji zangu kwa ulanzi na kwa kuninyima ulanzi. Nawashukuru wale vijana wa bendi popote walipo. Na kama kuna mtu hapa ambaye neno lake limekufa, nyumbani kwake au kazini, mimi nina moja tu la kumwambia: usipaze sauti. Anza na lile kosa lako, lisemwe lote, halafu sema unachotaka kusema.

Na yule mama wa bondeni, sina la kumlipa. Juzi juzi nilipita kule, wale watoto sasa wamekuwa wakubwa, na baba yao amenunua redio. Wakaniambia mama yao hapendi mtu aiguse akiwa anasikiliza. Lakini wakasema honi yangu ikisikika, hata ikiwa mbali, mama anainuka anaizima redio, anatoka nje kunisikiliza mimi.