Kijiko cha Mama Soumaya

Wasikilizaji wapendwa, mlioko gereji na redio juu ya tairi, mlioko jikoni na mikono kwenye unga, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Bi Mwantum wa Buyenzi, mtaa wetu wa magereji. Wengine walimwita Mama Soumaya. Wengine walimwita Mama Pumba. Majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kila jina lina habari yake. Bi Mwantum ametangulia mbele ya haki. Kesho ni arobaini yake.

Wapo waliokwisha kuuliza, na wameuliza hadi msibani, sahani ya pilau mkononi: kama alikula vizuri hivyo, mbona amekufa? Jibu lao ni fupi. Bi Mwantum hakumwahidi mtu kwamba hatakufa. Aliahidi kwamba kwake hakuna atakayekula peke yake. Ahadi hiyo aliitimiza.

Turudi nyuma. Mume wake, marehemu Shaabani, alikuwa fundi wa magari. Alikunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Sukari ikamla mguu. Miaka hiyo hiyo vita ilikuwa imewaka Kongo, na watu wa Bukavu walikuwa wanavuka mpaka na kile walichoweza kubeba. Mmoja wao alikuwa Marguerite. Alifika Buyenzi na mtoto mgongoni na neno moja refu mdomoni: makrobiotiki. Neno hilo alilipata Bukavu, kwenye jiko la masista alikokuwa anapika. Maana yake si ngumu. Kula nafaka nzima, usiivue ganda lake. Kula kinacholimwa karibu na wewe, kwa majira yake. Na utafune. Utafune mpaka chakula kigeuke maji mdomoni.

Bi Mwantum alimpa Marguerite kona ya uani. Marguerite akapika mchele usiokobolewa wa bonde la Imbo, maharagwe, mboga ya lengalenga, na ufuta uliokaangwa ukatwangwa na chumvi. Bi Mwantum alionja, akaonja tena. Marguerite anakumbuka alivyosema.

"Aliniambia, Marguerite, hii ni chakula ya bibi yangu. Nani aliipeleka Ulaya?"

Nani aliipeleka, wasikilizaji wapendwa? Ulezi wetu walituambia ni njaa. Mchele wenye ganda walituambia ni ushamba. Tukauacha, tukala cheupe, tukajiona watu. Chakula cha bibi zetu kilikwenda Ulaya peku, kikarudi kimevaa viatu, na sisi tukasimama kukipigia makofi.

Shaabani alikula. Vidonge vya daktari hakuacha, maana mke wake alikuwa mkali kwenye hilo: kidonge kunywa, sukari acha. Mguu wa pili ulinusurika. Aliishi mpaka akamwoza binti yao Soumaya, ndipo akaondoka kwa amani.

Habari ikatembea. Mafundi wenye vidonda vya tumbo wakaja. Akina mama wa presha wakaja. Kila Ijumaa baada ya swala, sufuria kubwa ilikaa uani. Ulileta ulichonacho: konzi ya maharagwe, makaa, au mikono ya kuosha vyombo. Mkristo wa Kongo alikaa ubavuni kwa Mwislamu wa Buyenzi, na katika miaka ile mibaya ambayo jirani alimwogopa jirani, ua ule haukumuuliza mtu kabila.

Ulikuwepo utaratibu mmoja pale, na mshike vizuri huo utaratibu. Tonge la kwanza lilitafunwa kimya. Kila mtu aliinamia sahani yake, asimwangalie mwenzake, asije akamharakisha. Mkubwa wa mkeka alishika kijiko chake cha mti mkononi muda wote anaotafuna. Akikiweka kwenye ukingo wa sahani, maneno yanafunguliwa. Kijiko kikiwa bado mkononi, hakuna anayefungua mdomo.

Buyenzi ilicheka. Fundi mmoja, Hamissi, alicheka kuliko wote. Alipita pale akachungulia sufuria.

"Mama Soumaya, hii apana chakula ya mutu. Hii ni pumba. Kwangu kuku ndo inakula hivi."

"Basi lete kuku yako ikae kwa mkeka," akajibiwa. "We utakaa fasi ya kuku."

Hamissi hakuishia hapo. Alichukua kapo ya gari bovu, lile bati la kufunika injini, akaandika kwa rangi nyekundu: HAPA WANAKULA PUMBA. Akaliegemeza mlangoni usiku, apate kucheka asubuhi. Asubuhi alikuta Bi Mwantum amekwisha kulipigilia misumari juu ya mlango. Tangu siku hiyo wakaitwa Jamaa ya Pumba. Na mwaka haukupita, Hamissi mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, tumbo linamuuma, kijiko mkononi, kimya.

Sasa tunafika penye kidonda.

Jamaa ilikua. Magari ya Kinindo, mtaa wa wenye pesa, yakaanza kuegeshwa mbele ya gereji. Watu wa mashirika, watu wa viyoyozi, walikaa mkekani wakafurahi. Kisha wakaanza kunong'ona: moshi mwingi, ua mdogo, ule mtungi wa soya iliyochacha ya kuungia mboga unanuka. Na lile jina, jamani, lile jina. Walimnong'oneza Soumaya, na Soumaya alisikia. Tusimhukumu haraka. Shuleni aliitwa mtoto wa pumba. Alikuwa amesoma, na alitamani siku moja watu wamsimamie mama yake kwa heshima. Akapata nyumba Kibenga, karibu na ziwa. Akamwendea mama yake.

"Mama, kule kuna nafasi, kuna maji. Jina tu ndo tubadilishe. Mutu wa Kinindo hawezi kuambia rafiki yake anaenda kula pumba."

"Na mutu wa gereji? Atafika Kibenga na nini?"

"Atapanda basi."

"Apande basi aende kula, halafu arudi kwa miguu na njaa."

Watu waliokuwepo walicheka. Soumaya hakucheka. Alisema amechoka kuchekwa. Mama yake akamgeukia.

"Kama pumba inakupa haya, hata mi nakupa haya. Wewe enda. Na nyinyi wengine, kuanzia leo musiniite tena Mama Soumaya. Muniite Mama Pumba."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua uzito wa hilo. Mwanamke kulikataa jina la mtoto wake wa kwanza, mbele ya watu, ni kama kumfungia mlango na yeye yuko nje mvuani. Soumaya alikwenda Kibenga na sufuria kubwa. Kapo ilibaki Buyenzi.

Kibenga walitundika kibao cha Kifaransa. Wakaweka viti na vitambaa vyeupe. Uji wa ulezi ukapewa jina la kutamkwa kwa pua. Chakula kile kile, mkulima yule yule, lakini fundi wa Buyenzi angeingia pale na ovaroli lake la oili, nani angempa kiti? Waliita hayo maendeleo. Tuyaite kwa jina lake: walichukua sufuria ya watu, wakaifungia geti.

Bi Mwantum alibaki na sufuria ndogo, Marguerite, Hamissi na wengine wa kuhesabika. Kila Idi Soumaya alituma nguo. Kila Idi nguo zilirudi.

Kisha ziwa likapanda. Mliona wenyewe. Maji ya Tanganyika yaliingia mitaa ya chini, yakaingia na kwenye jiko la Kibenga, viti vikaelea. Hapo hapo mafuta ya gari yakaadimika, magari yakalala. Wale wa viyoyozi hawakufika kumsaidia hata kutoa tope. Bila gari hawakuwa na miguu. Soumaya alibaki peke yake na sufuria kubwa.

Siku moja ya Ijumaa aliitwika kichwani. Alitoka Kibenga kwa miguu, akapita Kinindo mbele ya mageti, akaingia Buyenzi mafundi wakimtazama. Nyuma yake walifuata wachache wa Kibenga waliomwona akipita, viatu mkononi. Hakuna aliyemtania. Alipofika kwa mama yake, hakuthubutu kuingia ndani. Aliwasha moto uani, akaosha mchele usiokobolewa, akapika. Marguerite alimsogezea lengalenga.

Bi Mwantum alikuwa ndani, amelala. Moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Hamissi aliingia kumwinua, na walichosema humo chumbani tutakifikia. Alitoka amemshikilia, akamketisha mkekani, mahali pake pa mkubwa. Soumaya alimpakulia, akampa sahani kwa mikono miwili. Mama aliipokea. Macho yake yalimtazama binti yake, yakateremka kwenye chakula. Akala tonge la kwanza, kijiko kikabaki mkononi, juu ya goti.

Wote wakainama. Ua ukawa umejaa kama zamani, Buyenzi na Kibenga, magoti yamegusana. Kimya. Soumaya alitafuna akisubiri sauti ya kijiko kugusa sahani. Alijua neno la kwanza la mama yake litakuwa lake yeye, liwe zuri au baya. Alilitaka hivyo hivyo.

Walisubiri. Walitafuna, wakameza, wakasubiri. Hakuna aliyeinua kichwa, kwa heshima. Mkubwa akitafuna polepole, wewe ni nani umharakishe? Mahali pengine popote mjini hapa mtu angeshtuka mapema, angesema, mama, vipi? Pale walinyamaza, maana ndivyo yeye alivyowafundisha. Wali ukapoa. Ndipo Marguerite alipoinua macho.

Kijiko kilikuwa bado mkononi. Mwenye kijiko alikuwa ameondoka.

Innalillahi wainna ilayhi rajiun.

Walimzika jioni ile ile. Siku za matanga Soumaya hakulia kwa sauti. Alikaa pembeni ya mtungi wa soya, akamwambia kila aliyempa pole neno moja: hakuniambia kitu. Alipita pale kila mtu, wakiwemo wa magari, waliokuja sasa na hotuba ndefu kuhusu mwanzilishi wao mpendwa. Mwisho Hamissi akachuchumaa mbele yake, kofia mkononi.

"Dada, siku ile niliingia kumuamsha. Nikamuambia, Mama Pumba, chakula iko tayari, Soumaya ndo amepika, wageni wamefika. Akanikamata mukono. Akaniambia: mi naitwa Mama Soumaya. Inuka, unipeleke kwa mutoto wangu."

Soumaya akainua uso.

"Na mbona hukunisemea pale pale?"

"Nilijua atakusemea mwenyewe," Hamissi alisema. "Na kijiko ilikuwa bado mukononi."

Hapo ndipo Soumaya alipolia, na Buyenzi nzima ilimsikia.

Kapo imepigiliwa misumari upya. Rangi nyekundu ameirudishia Soumaya kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Sufuria kubwa iko uani, na Ijumaa watu wanakuja kwa miguu, hata wa Kinindo. Mkekani, mahali pa mkubwa pako wazi. Kesho, kwenye arobaini, Marguerite amesema Soumaya ndiye atakayekaa pale na kukishika kile kijiko cha mti.

Tunawapa pole Soumaya, Marguerite, Hamissi na Jamaa yote ya Pumba. Mola amrehemu Bi Mwantum, amlaze pema. Na wewe unayesikiliza, ambaye una neno la mtu umelikalia, unangoja mwenyewe aje aliseme, unangoja muda ufike, chakula kiishe: huyo mtu yuko wapi sasa hivi?

Tafuneni, Buyenzi. Lakini semeni kwanza.