Begi la Kumtosha Mpaka Darasa la Nne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemezwa ukuta wa duka la fundi cherehani, mguu wake mmoja umetiwa kigae lisiyumbe. Kila asubuhi chupa ya kahawa ikifika, wawili huwa wameshakaa: Dokta, ambaye udaktari wake ni kufagia duka la dawa miaka miwili, na Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote. Fundi hushona huku akiwajibu kupitia mlango ulio wazi. Siku hiyo hakujibu. Uzi ulikataa kuingia tundu la sindano mara tatu, akatoka nje na kikombe chake.

— Fundi, mbona uso umekunjamana? Kocha akauliza.

— Binti yangu. Mama yake akimwogesha leo kaona michirizi miwili mabegani, myekundu kama kachapwa. Na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Kashindwa kufunga kifungo cha shati.

— Ni lile begi, akasema Dokta.

Kila mtu pale alilijua. Fundi alilishona mwenyewe, kwa turubai gumu, kubwa la kumtosha mpaka darasa la nne. Mtoto yuko la kwanza.

— Mkanda umeziba damu, Dokta akaendelea. Damu ikizibwa, mkono unakauka kama tawi.

— Usimtishe mwenzio, Kocha akadakia. Mkono si kitu, kitu ni mgongo! Mtoto akibeba mzigo mzito harefuki. Namjua mmoja, kaanza shule na kimo hiki, kamaliza na kimo hikihiki.

— Na baba yake mrefu? Dokta akauliza.

— Mfupi, lakini hayo mengine.

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka kahawa impalie.

— Halafu ganzi inatembea, Dokta akasema, sasa kwa sauti ya chini. Leo vidole, kesho bega, keshokutwa shingo. Ikifika kichwani mtoto anasahau hata jina lake.

Fundi akaweka kikombe benchini. Akilini alikuwa anaiona ile mikanda ya begi, myembamba kama kidole, kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani wiki ile. Alikata mwenyewe. Alishona mwenyewe, tena akajisifu.

Hapo akafika mama mmoja kuchukua gauni lake lililobadilishwa zipu. Ni muuguzi wa zahanati ya mtaa wa nyuma. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Kwani ndani ya hilo begi mna nini?

Dokta akamtazama Kocha. Kocha akamtazama Fundi.

— Vitabu, akasema Fundi.

— Vingapi?

Hakujua. Kila jioni alilipita begi nyuma ya mlango, hajawahi kulifungua.

Saa sita, muuguzi akiwa amerudi kumwona mtoto, darasa la kwanza likatoka. Walimwona binti ng'ambo ya barabara, kainama kama anayepambana na upepo, begi linampiga nyuma ya magoti. Akavuka salama. Alipofika kwenye ubao wa kuvukia mtaro akamwona baba yake, akainua kichwa kumsalimia. Begi likamvuta nyuma.

Fundi hakumbuki alivyofika. Anakumbuka tu mkanda ndani ya ngumi yake, na mtoto ananing'inia, miguu inatafuta ubao.

Begi likamwagwa juu ya benchi: madaftari kumi na moja, vitabu sita, chupa ya maji iliyojaa pomoni.

— Mama, vyote hivi mnasoma siku moja? Fundi akamuuliza binti yake.

— Hapana. Sijui kusoma ratiba, baba. Mwalimu akitaja daftari, asiye nalo anasimama mbele mpaka kipindi kiishe.

Ratiba ilikuwa imebandikwa nyuma ya daftari la kwanza, kwa herufi kubwa. Muhula mzima hakuna aliyemsomea.

Muuguzi akamminya vidole kimoja kimoja.

— Hiki?

— Nasikia.

— Hiki cha mwisho?

Mtoto akatikisa kichwa.

— Twende zahanati sasa hivi, muuguzi akamwambia Fundi. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na hisia hurudi. Lakini tusibahatishe. Na begi jingine lisizidi mgongo wake, mikanda iwe mipana, alivae mabega yote mawili. Abebe vya siku hiyo tu.

Fundi akasoma ratiba ya kesho kwa sauti, akatoa madaftari matatu na kuyabana kwapani mwake. Mtoto akaangalia rundo lililobaki benchini.

— Na mwalimu akitaka daftari la picha?

Dokta, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, akainama kuyapanga madaftari yaliyobaki. Kocha akamsaidia.

— Akilitaka, nitasimama mimi, akasema Fundi.

Akamshika mkono ule mzima, wakamfuata muuguzi, duka likabaki wazi.